Msumeno Umenolewa, Mbona Bado Unaunguza Kuni?

Penye msumeno wa duara wa kukatia kuni hapakosi ubishi huu. Meno yametoka kunolewa, ukiyapapasa yanakwaruza kidole, lakini kufika gogo la tatu moshi umeshaanza kutoka, mkato umekuwa mweusi na injini inalia. Mmoja anasema tupa ilikuwa mbovu. Mwingine anasema chuma cha siku hizi hakina kitu. Wa tatu anataka diski itupwe. Mara nyingi wote watatu wamekosea, kwa sababu wanazungumzia kunoa peke yake, ilhali msumeno wa aina hii unadai kazi mbili zilizo tofauti kabisa: kunoa meno na kuseti meno. Ukifanya ya kwanza ukaiacha ya pili, utanoa mpaka diski iishe na tatizo litabaki palepale.

Tuanze na sehemu zenyewe. Msumeno huu ni bamba la chuma la duara, aghalabu lenye kipenyo cha milimita 600 hadi 750, lililotobolewa katikati na kufungwa kwenye shafti kwa flenji mbili, yaani sahani za chuma zinazolibana pande zote, na nati. Meno yake yamechongwa kutoka kwenye bamba hilohilo. Kila jino lina uso, yaani upande unaotangulia kukutana na mti. Lina mgongo, yaani mteremko wa nyuma yake. Na uso na mgongo vinapokutana ndipo penye ncha. Nafasi iliyo kati ya jino na jino nitaiita bonde. Kazi ya bonde ni kubeba vumbi la mbao na kulitoa nje ya gogo, na tutaona kwamba bonde lililopuuzwa huharibu msumeno sawasawa na ncha butu.

Kunoa ni kuondoa chuma kidogo kwa tupa au jiwe ili ncha iliyobutuka irudishiwe makali. Kuseti ni kuzipinda ncha zitoke nje ya unene wa bamba: jino moja kushoto, linalofuata kulia, jingine kushoto, hivyo hivyo mpaka duara likamilike. Ndiyo maana diski nyingi za namna hii zina idadi ya meno inayogawanyika kwa mbili. Kunoa kunaupa msumeno uwezo wa kuingia kwenye mti. Kuseti kunaupa nafasi ya kuzunguka ukiwa ndani ya mti.

Mfikirie mtu anayechimba mtaro kwa jembe kali kuliko yote. Ikiwa jembe hilo lina upana uleule wa mabega yake, atachimba mpaka mtaro umfike kifuani, kisha kuta zitambana, na hata ukimletea jembe kali zaidi hutakuwa umemsaidia. Anachohitaji ni mtaro mpana kidogo kuliko yeye. Diski isiyo na seti imo ndani ya mtaro wa namna hiyo.

Hewa ya milimita 0.4

Tutumie tarakimu. Chukua diski yenye bamba la unene wa milimita 2.8. Ikiwa kila jino limepindwa milimita 0.4 kuelekea upande wake, mkato utakuwa na upana wa milimita 3.6. Bamba linabaki na hewa ya milimita 0.4 kila upande. Ni nafasi ndogo kiasi kwamba macho peke yake hayawezi kuipima vizuri, lakini ndiyo inayotenganisha msumeno unaokata na msumeno unaosugua.

Sasa angalia kinachotokea unaponoa bila kuseti. Sehemu iliyopindwa ni ncha ya jino tu, si jino zima. Kila unapopitisha tupa, jino linafupika kidogo, na kinachopungua ni ile ncha iliyopindwa. Kwa maneno mengine, kila kunoa kunakula seti. Mara ya kwanza na ya pili hutaona tofauti. Ukiendelea, jino linabaki limenyooka karibu sawa na bamba, likiwa na makali mazuri kabisa, na mkato unakuwa na upana unaokaribiana na unene wa diski. Hapo ndipo mtu anaposema, "nimetoka kuunoa jana tu." Anasema kweli. Kunoa kwake ndiko kulikomaliza seti.

Mti nao hautulii. Nyuzi zake zikishakatwa hufutuka kidogo na kurudi kuelekea bamba, hasa mti mbichi au laini. Vumbi la mti mbichi ni zito na hushikana. La mti mkavu mgumu ni jepesi na hutoka haraka. Kwa sababu hiyo seti ya milimita 0.3 hadi 0.4 kila upande hutosha kwa magogo makavu na magumu, na magogo mabichi au laini huhitaji 0.5 mpaka 0.6. Anayekata kuni za kila aina kwa diski moja afanye iliyo katikati.

Wengi wakishaelewa hivyo huruka upande wa pili: kama seti kidogo ni nzuri, basi kubwa ni nzuri zaidi. La hasha. Mkato mpana maana yake ni mti mwingi zaidi unaogeuzwa vumbi, na injini ndiyo inayolipa. Meno yaliyotoka nje sana hutikisika, hukata kwa kuparura, na huacha kuta za mkato zikiwa na mistari mirefu. Tena yakipindwa kupita kiasi, meno ya kushoto na ya kulia huachana, na katikati ya mkato hubaki ukuta mwembamba wa mti ambao hakuna jino linaloukata. Unavunjwa kwa nguvu tu. Kanuni inayofaa kukumbukwa ni kwamba mkato usizidi mara moja na nusu ya unene wa bamba. Kwa diski yetu ya milimita 2.8, mkato wa milimita 4.2 ndio mwisho kabisa, na sioni sababu ya mtu wa kuni kuufikia.

Joto linavyolegeza diski

Kuna malalamiko ambayo watu huyahusisha na shafti au beringi, kumbe chanzo chake ni seti: diski inaanza asubuhi ikiwa imenyooka, baada ya magogo kadhaa inaanza kuyumba kushoto na kulia, ikipumzishwa inanyooka tena. Wengine huamini ina hila yake. Maelezo yake ni hesabu ya kawaida.

Chuma cha bamba la msumeno hutanuka takribani sehemu 12 kwa milioni kwa kila nyuzi 1 ya Selsiasi. Diski ya milimita 700 ina mzingo wa karibu mita 2.2. Ukingo wake ukisuguana na mti mpaka ukawa na joto la nyuzi 50 zaidi ya katikati, mzingo huo unataka kurefuka kwa milimita 1.3. Lakini katikati bado pamepoa, hapajatanuka, hapatoi nafasi. Urefu wa ziada hauna pa kwenda ila pembeni, basi ukingo unajikunja huku na huku. Ukingo uliojikunja unagusa kuta za mkato zaidi, msuguano unaongezeka, joto linapanda, nao unajikunja zaidi. Ukizima mashine, joto linasambaa, diski inarudi ilivyokuwa.

Watengenezaji wanalijua jambo hili. Diski kubwa hugongwa kwa nyundo au kupitishwa kwenye roli kiwandani ili sehemu ya ndani itanuke kidogo na ukingo ubaki umevutika, ili ukipata joto na kasi uwe na akiba ya kutanuka kabla haujalegea. Diski iliyounguzwa mara kwa mara hupoteza mvutano huo, nayo huyumba hata ikiwa baridi. Kuurudisha ni kazi ya fundi wa misumeno mwenye nyundo, fuawe na rula ya kupimia unyoofu wa bamba. Hii ni kazi moja ambayo sishauri mtu ajaribu nyumbani. Pigo moja mahali pasipostahili linaweza kuimaliza diski.

Jino refu ndilo linalofanya kazi

Kabla ya tupa na kabla ya koleo la kuseti kuna hatua ambayo watu wengi huiruka, nami naiona ndiyo muhimu kuliko zote: kuyasawazisha meno yawe na urefu mmoja.

Sababu yake iko kwenye kasi. Diski ya milimita 700 yenye meno 56, ikizunguka mara 1,400 kwa dakika, ncha zake zinakwenda mita 51 kwa sekunde, yaani kama kilomita 185 kwa saa. Kwa sekunde moja meno zaidi ya 1,300 yanapita kwenye gogo. Ukilisukuma gogo sentimita 5 kwa sekunde, kila jino linapewa mti wa milimita 0.04 tu. Basi jino lililo fupi kuliko mwenzake anayelitangulia kwa milimita 0.1 halikati chochote. Linapita katika njia iliyokwisha kufunguliwa, linazunguka bure siku nzima. Anayenoa kwa kukisia, jino hili mikwaruzo mitatu, lile saba kwa sababu limebutuka zaidi, anaweza kuwa na diski yenye meno 56 makali ambayo kwa kweli inakata kwa meno machache tu. Hayo machache yanabeba mzigo wote, yanabutuka haraka, na mtu anarudi kwenye tupa akiwa na hasira.

Kusawazisha hufanywa diski ikiwa imefungwa kwenye shafti yake, mashine ikiwa imezimwa na haiwezi kuwaka kabisa: mkanda umetolewa, waya umechomolewa, au kama inavutwa na trekta, injini imezimwa na ufunguo uko mfukoni mwako. Vaa glavu. Weka jiwe la kunolea juu ya kipande cha mbao kilichofungwa imara mbele ya meno, lisogeze mpaka liguse jino refu kuliko yote, kisha zungusha diski polepole kwa mkono, kinyume cha mwelekeo wake wa kukata. Sogeza jiwe kidogo, zungusha tena. Acha pale ambapo kila jino limepata alama ndogo inayong'aa kwenye ncha. Alama hiyo ndiyo dira yako wakati wa kunoa: utapiga tupa mpaka alama itoweke, na hapo hapo utaacha. Ukiendelea hata mkwaruzo mmoja zaidi, umelifupisha jino.

Kuna wanaowasha mashine na kushika jiwe kwa mkono mbele ya meno yanayozunguka, wengine kwa kugeuza mzunguko, wakisema wananoa. Hawanoi. Wanazifanya ncha kuwa bapa, kisha wanaacha hapo na kuanza kukata. Na jiwe likinaswa na meno yanayokwenda mita 51 kwa sekunde, mkono hauna muda wa kuondoka. Nasema hili kwa uzito wote: hakuna faida yoyote katika njia hiyo ambayo mkono hauwezi kuipata diski ikiwa imelala kimya.

Jambo jingine dogo lenye maana. Tundu la diski huwa kubwa kidogo kuliko shafti, la sivyo lisingeingia. Ukiifungua diski na kuirudisha imegeuka robo duara, inakaa mahali tofauti na duara ulilolisawazisha halipo tena. Weka alama kwenye bamba na kwenye shafti, na kila unapofunga zote mbili ziwe juu.

Kazi yenyewe

Diski ikishatolewa, isafishe kwanza. Utomvu uliogandia kwenye bamba hula ile nafasi ya milimita 0.4 kama vile seti ndogo inavyoila, na wapo waliopona tatizo lao kwa tambara na mafuta ya taa peke yake. Ukiwa na mafuta hayo mkononi, tafuta nyufa. Paka mafuta kwenye mabonde na kuzunguka tundu la katikati, yaache yapenye, yafute mpaka pakauke kabisa, kisha nyunyiza unga wa chaki. Palipo na ufa mafuta yatachuruzika kutoka ndani na kuchora mstari kwenye chaki. Diski yenye ufa haichomelewi, haitobolewi tundu la kuuzuia ufa ili kazi iendelee, haipewi gogo la mwisho. Imekwisha.

Baada ya hapo tazama mabonde. Kwa kuwa meno yanafupika kila mara, bonde lisipochimbwa linakuwa fupi, vumbi linakosa nafasi na kusukumwa pembeni kati ya bamba na mti, ambako linasuguana na kuzalisha joto. Chimba kwa tupa ya duara au jiwe lenye ukingo wa mviringo. Chini ya bonde pasiwe na kona hata ndogo. Kona ndiyo mahali nguvu zote za jino zinapojikusanya, na nyufa nyingi huanzia hapo.

Ukitumia mashine ya jiwe, gusa na kuondoa. Zunguka diski nzima kwa miguso myepesi, urudie tena na tena, badala ya kulimaliza jino moja kabla ya kwenda lingine. Rangi ya buluu au nyeusi ikitokea kwenye ncha, joto limeshaharibu chuma. Kuna madhara ya aina mbili na hayafanani. Chuma kinaweza kulainika, makali yasidumu. Au tabaka jembamba la juu, lililopashwa moto mkali ghafla na kupozwa ghafla na bamba baridi lililo nyuma yake, linakuwa gumu kupita kiasi: tupa inateleza juu yake bila kula, na jino likipindwa linameguka. Wanaolalamika kwamba tupa mpya haiumi meno mara nyingi wanapambana na tabaka hilo walilolitengeneza wenyewe. Bamba la msumeno wenyewe ni laini kuliko tupa kwa makusudi, ili liweze kunolewa.

Sasa seti, na iwe kabla ya kunoa kwa mwisho, kwa sababu koleo likishika ncha iliyokwisha kunolewa linaweza kuimega. Kifaa kinaweza kuwa koleo la kuseti lenye skrubu ya kuzuia, au mkono wa chuma wenye mpasuo unaoingia kwenye jino. Chochote utakachotumia, pinda theluthi ya juu ya jino tu. Ukishika chini, bamba lenyewe linapinda kwenye bonde, na jino linalopinda kutoka kwenye shina halikai, au linavunjika. Paka chaki kila jino la pili ili usichanganye, maliza upande mmoja wote, geuza diski, maliza upande wa pili.

Jino lililokuwa kushoto libaki kushoto. Kuna anayepoteza hesabu, akaanza na jino lolote, akajikuta anayavuta meno yote kuelekea upande wa pili. Chuma kilichopindwa huku na kule katika mstari mmoja huchoka, na ukiona jino limekatika bila sababu kwenye gogo laini, huenda sababu iliwekwa siku hiyo. Wala usilipashe jino moto ili lipinde kwa urahisi. Linapinda, ndiyo, kisha linajinyoosha taratibu ndani ya mti kwa kuwa ugumu wake umeondoka.

Kupima ndiko kunakoonyesha umakini. Jino likipindwa hurudi kidogo, kwa hiyo unalipeleka mbele kidogo kuliko unapotaka, ukiliachia linatua. Kama una geji ya saa, yaani kipimo chenye mshale kinachosoma sehemu ya mia ya milimita, itumie. Kama huna, laza rula iliyonyooka kwenye bamba, ipite pembeni ya ncha ya jino lililopindwa upande mwingine, na upenyeze bapa jembamba la kupimia la milimita 0.4 kati ya rula na ncha; liingie kwa kugusa bila kulazimishwa. Usawa una uzito kuliko kipimo chenyewe. Diski yenye 0.35 kila mahali itakata vizuri kuliko yenye 0.3 hapa na 0.6 pale, kwa kuwa jino moja lililotoka sana litachora mfereji peke yake kwenye kila gogo, na likibutuka upande wake wote unavutwa.

Kisha tupa. Bana diski kwenye jiliwa kati ya vipande viwili vya mbao, meno yakiwa karibu na mdomo wa jiliwa. Diski inayotetemeka huinua kelele na kubutua meno ya tupa. Tupa husukumwa mbele tu, ikirudi inanyanyuliwa. Noa uso wa jino kwanza, mgongo kidogo tu, ukifuata mwinamo uliokuwapo. Anza na meno yote yaliyopindwa upande mmoja, geuza diski, malizia mengine, ili mkono wako uwe katika hali moja kwa kundi zima.

Hapa kuna tofauti moja inayochanganya watu. Msumeno wa kupasua mbao kwa kufuata nyuzi hunolewa tupa ikiwa imenyooka kabisa, ncha ikiwa kama patasi. Kuni hukatwa kwa kukingama nyuzi, na nyuzi zinazokingamwa zinataka kukatwa pande zote mbili kabla hazijaondolewa, vinginevyo hung'olewa. Kwa hiyo tupa huinamishwa kidogo, digrii 10 hadi 15, ili kona ya nje ya jino, ile iliyo upande ambao jino limepindia, iwe ndiyo iliyochongoka. Ukiinamisha tupa kinyume, kona iliyochongoka inakuwa ya ndani, na msumeno wenye seti nzuri na makali mazuri utakata kwa shida ya ajabu. Fuata alama zilizopo kwenye meno ya diski ikiwa bado zinaonekana.

Makali yenyewe hupimwa kwa mwanga. Geuza diski chini ya taa au jua: ncha butu huonyesha uzi mweupe unaong'aa, kwa sababu kuna uso mdogo pale unaorudisha mwanga. Ncha kali haina uso wa kurudisha kitu. Njia hii ni ya uhakika kuliko kidole, maana kidole hukwaruzwa hata na makapi ya chuma yaliyoachwa na tupa.

Meno yenye vipande vilivyochomelewa

Yote niliyosema yanahusu diski ambazo meno yake ni chuma cha bamba lenyewe. Ukiona kwenye kila ncha kuna kipande kidogo cha chuma cha rangi tofauti, kilichobandikwa kwa kuchomelewa, hiyo ni diski ya kabaidi. Vipande hivyo vimetengenezwa vipana kuliko bamba, ndiyo seti yake. Usiviguse kwa koleo: kabaidi ni ngumu sana lakini haipindi, inakatika. Tupa ya kawaida haiwezi hata kuikwaruza. Inanolewa kwa jiwe la almasi. Vivyo hivyo mnyororo wa msumeno wa injini una meno ya kushoto na ya kulia yaliyotengenezwa hivyo kiwandani, hausetiwi. Nadhani ni kutoka hapo ndipo wengi wamepata mazoea ya kupitisha tupa na kuondoka.

Ukirudisha diski

Futa flenji zote mbili kabla ya kufunga. Chembe moja ya vumbi gumu karibu na shafti huwa mtikisiko unaoonekana kabisa kule ukingoni. Soma kasi ya juu iliyoandikwa kwenye bamba na uhakikishe shafti haiizidi. Rudisha kinga zote, kisha iwashe izunguke bila gogo kwa muda, wewe ukiwa umesimama pembeni, si mbele ya mstari wa diski.

Kata magogo machache uusome mti. Vumbi likiwa laini mno, makali hayajafika. Likiwa la chembe nene lakini kuta za mkato zimeungua pande zote mbili, seti haitoshi. Mkato ukipinda kuelekea kulia kila mara, meno ya kulia yana seti kubwa au makali zaidi, nayo yanaivuta diski kwao. Punguza huko au ongeza kushoto. Mfereji mmoja wenye kina kwenye uso wa gogo ni jino moja lililotoka nje kuliko wenzake, na hilo huondolewa kwa kulaza jiwe bapa ubavuni na kulipitisha kidogo, diski ikiwa mezani. Gogo likidundadunda mkononi, duara halijakaa sawa. Rudi kwenye alama za shafti kabla ya kuilaumu tupa.

Mwisho zima, ngoja diski isimame yenyewe kabisa, ondoa nguvu ya mashine, kisha usogeze kiganja karibu na bamba, kwanza ukingoni, halafu karibu na flenji. Joto likiwa ukingoni, tafuta kwenye ncha, seti au mabonde. Likiwa katikati na ukingo umepoa, meno yako hayana kosa: bamba linasuguana na kitu karibu na shafti, au beringi inapika joto na kulipeleka kwenye diski.